Marejesho ni ya Nani? Lugha ya Kudai Ushuru wa Forodha Uliolipwa Kupita Kiasi

1.0 Utangulizi

Mjadala juu ya Kiswahili kama lugha ya sheria umejikita kwa muda mrefu mahakamani: lugha ya hukumu, lugha ya shahidi, lugha ya mshtakiwa asiyeelewa mashtaka yake. Mjadala huo una uzito wake, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama umeupa nguvu mpya. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maisha ya sheria haifiki mahakamani kamwe. Hupita katika madirisha ya ofisi, katika fomu na barua, na katika maelezo mafupi ambayo karani humpa mwananchi aliyesimama mbele yake. Huko ndiko haki nyingi hupatikana, na huko ndiko nyingi hupotea bila kelele.

Mhadhara huu unachunguza kona moja ya maisha hayo, nayo ni lugha anayokutana nayo mwagizaji wa bidhaa anapotaka kurudishiwa ushuru wa forodha alioulipa kupita unaostahili. Kwa mtazamo wa haraka, suala hili ni la wahasibu na mawakala wa forodha. Hoja ya mhadhara ni kwamba ni suala la isimu pia. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa mwagizaji haki ya kudai fedha zake, lakini maneno ya Kiswahili yanayotumika kuieleza haki hiyo yana tabia ya kuificha. Neno moja halionyeshi nani anamlipa nani. La pili linamfanya mwenye haki ajione mkosaji. La tatu linageuza dai kuwa ombi. Kila moja likitazamwa peke yake ni dogo. Yakikutana katika fomu moja, na siku za sheria zikiwa zinahesabika, humgharimu mtu mali.

2.0 Usuli wa msamiati wa forodha

Msamiati wa Kiswahili wa forodha ni mkongwe, nao unaakisi historia ya pwani. Neno forodha lenyewe limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya bandari au mahali pa kupakulia shehena. Jina la Forodhani mjini Unguja limehifadhi maana hiyo hadi leo kwa kiambishi chake cha mahali. Bandari lina asili ya Kiajemi. Thamani, hati na stakabadhi yamepitia Kiarabu.

Neno ushuru linastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Asili yake ni neno la Kiarabu linalomaanisha sehemu moja ya kumi. Lakini tayari katika karne ya 19 neno hili lilikuwa limeachana na hesabu hiyo. Mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Sultani Seyyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5, yaani nusu ya ile sehemu ya kumi iliyobebwa na jina. Neno likabaki, kiwango kikabadilika. Huu ni mfano mzuri wa jambo ambalo wanaisimu hulijua vyema: asili ya neno haitoshi kueleza maana yake katika matumizi.

Mfumo wa ukusanyaji wa wakati huo unafafanua jambo jingine. Serikali ya Sultani haikukusanya ushuru kwa watumishi wake yenyewe. Ilimkodisha mfanyabiashara kazi hiyo kwa kiasi maalumu cha fedha kwa mwaka, naye akakusanya kwa faida yake. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilishika nafasi hiyo kwa miongo kadhaa. Katika mfumo wa namna hiyo, kilichokusanywa zaidi ya kodi ya mwaka kilikuwa pato la mkusanyaji. Hapakuwa na hazina ya umma iliyowajibika kukirudisha. Haishangazi, basi, kwamba maneno makongwe ya forodha yanaeleza vizuri namna mali inavyoingia, inavyopimwa na inavyotozwa. Msamiati wa kurudisha ulikuja baadaye, ukaundwa ofisini kwa kutafsiri kutoka Kiingereza. Ni msamiati mchanga, na matatizo yake ni ya uchanga huo.

3.0 Sheria inasema nini

Kabla ya kuyachambua maneno, inafaa njia yenyewe ielezwe.

Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Arusha mwezi Machi 2004, na utekelezaji wake ukaanza tarehe 1 Januari 2005. Sheria ya Jumuiya ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004 ndiyo inayotawala shughuli hizo, nayo ilitungwa kwa Kiingereza. Ushuru wa pamoja ulianza na viwango vitatu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Mwaka 2022 kiliongezwa kiwango cha nne cha asilimia 35. Zipo pia bidhaa chache zinazotozwa zaidi ya hapo.

Ushuru hukokotolewa kwa thamani ya forodha, yaani bei ya bidhaa pamoja na nauli ya meli na bima hadi bandarini. Kosa linaweza kuingia mahali pengi. Bidhaa inaweza kuwekwa katika fungu lisilo lake. Thamani inaweza kukadiriwa juu kuliko bei halisi iliyolipwa. Tarakimu inaweza kuandikwa vibaya. Ushuru unaweza kulipwa mara mbili kwa shehena moja.

Chukua mfano wa kubuni wa mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyeagiza mzigo wenye thamani ya forodha ya shilingi 20,000,000. Mzigo ni wa bidhaa za kati, lakini umeingizwa katika fungu la bidhaa zilizokamilika. Amelipa asilimia 25, yaani shilingi 5,000,000, badala ya asilimia 10, yaani shilingi 2,000,000. Ziada ni shilingi 3,000,000. Kodi ya ongezeko la thamani nayo hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru. Kwa kiwango cha asilimia 18, amelipa shilingi 4,500,000 badala ya 3,960,000. Hiyo ni tofauti nyingine ya shilingi 540,000, ambayo husimamiwa na sheria yake yenyewe, si sheria ya forodha. Kwa mwenye duka la kawaida, jumla ya fedha hizo ni mtaji wa safari nyingine ya mzigo.

Kifungu cha 144 cha sheria hiyo kinaelekeza kwamba ushuru uliolipwa kwa kukosea urejeshwe. Vilevile urejeshwe ushuru wa bidhaa zilizoharibika au kuibwa safarini, au zilizoharibika zikiwa chini ya ulinzi wa forodha. Sharti kuu ni muda: dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu tarehe ya kulipa ushuru. Mwezi wa kumi na tatu, haki imekwisha.

Ipo njia ya pili, nayo haipaswi kuchanganywa na ya kwanza. Kifungu cha 229 kinahusu mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisa wa forodha, kwa mfano uamuzi kwamba bidhaa ni ya fungu fulani au kwamba bei iliyotajwa haiaminiki. Mtu huyo hana miezi 12. Ana siku 30 za kupeleka kwa Kamishna maombi ya maandishi ya kupitiwa upya kwa uamuzi huo, akieleza sababu zake. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi na kwa sababu. Asipojibu ndani ya muda huo, sheria inahesabu kwamba ameyakubali maombi. Asiyeridhika na jibu anaweza kukata rufaa katika baraza la rufani za kodi ndani ya siku 45.

Ipo njia ya tatu inayofanana na hizo kwa sura tu. Kifungu cha 138 kinahusu ushuru unaorudishwa kwa sababu bidhaa zilizoagizwa zimeuzwa nje tena, au zimetumika kutengeneza bidhaa zilizouzwa nje. Hapo hakuna aliyekosea. Ushuru ulilipwa kwa usahihi, na unarudishwa kama kichocheo cha biashara.

Katika njia zote, ushahidi ni karatasi: tamko la forodha, stakabadhi ya malipo, ankara ya muuzaji, hati ya shehena, uthibitisho wa benki kwamba bei iliyotajwa ndiyo iliyolipwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jambo moja zaidi linapaswa kutiwa moyoni. Kifungu cha 135 kinaipa mamlaka miaka 5 ya kudai ushuru uliotozwa pungufu, na muda huo haiifungi mamlaka pale penye udanganyifu. Miaka 5 kwa mamlaka, miezi 12 kwa mwagizaji. Mizani hiyo haikuwekwa na lugha wala haitarekebishwa na lugha. Lakini kwa kuwa muda wa mwagizaji ni mfupi, kila wiki anayoipoteza kwa kutoelewa neno ni wiki ghali.

4.0 Marejesho: nomino iliyopoteza mwelekeo

Neno linalotumika zaidi katika Kiswahili cha Tanzania kwa dhana hii ni marejesho. Muundo wake ni wa kawaida. Kitenzi rejea, chenye asili ya Kiarabu, hakina yambwa: mtu amerejea. Kikiingia katika kauli ya kutendesha huwa rejesha: mtu amerejesha fedha. Katika kauli ya kutendea huwa rejeshea: mamlaka imemrejeshea mwagizaji fedha. Katika kutendewa huwa rejeshewa: mwagizaji amerejeshewa fedha. Katika kila hatua ya mnyambuliko, kitenzi kinabeba habari juu ya washiriki. Tazama sentensi hizi mbili:

(1) Mwagizaji alirejesha fedha.
(2) Mwagizaji alirejeshewa fedha.

Tofauti ya umbo ni ndogo, lakini fedha zinakwenda pande mbili zinazopingana. Katika (1) mfuko wa mwagizaji umepungua; katika (2) umeongezeka. Hakuna Mswahili anayezichanganya.

Nomino marejesho huundwa kutokana na shina rejesh- kwa kiambishi awali ma- na kiishio -o. Kiambishi cha kutendea na cha kutendewa havimo. Pamoja navyo, washiriki wametoweka. Tazama sentensi ya tatu:

(3) Marejesho ya mwagizaji yamechelewa.

Nani amechelewa? Huenda mwagizaji amechelewa kurejesha, au mamlaka imechelewa kumrejeshea. Kihusishi -a hakitoi jibu, kwa kuwa hubeba uhusiano wa mtenda na wa mtendewa bila kubagua, kama vile malipo ya fundi yanavyoweza kuwa aliyoyatoa fundi au aliyoyapokea.

Utata wa namna hii haudhuru lugha katika mazingira ya kawaida, kwa sababu muktadha huutatua. Tatizo ni kwamba muktadha wa mfanyabiashara mdogo huutatua kinyume. Katika vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo vimeenea Tanzania tangu miaka ya 2000, rejesho ni fedha ambazo mkopaji anazitoa kulipa mkopo wake. Siku ya marejesho ni siku ya kulipa, na kushindwa marejesho ni aibu mbele ya kikundi. Katika ofisi za umma vilevile, marejesho ya masurufu ni kazi ya mtumishi aliyepewa fedha za safari: yeye ndiye anayetakiwa kurejesha hesabu. Katika matumizi yote mawili, anayefanya marejesho ni mnyonge wa uhusiano huo, na anayepokea ni mwenye nguvu.

Mtu mwenye mazoea hayo akisikia dirishani kwamba kuna marejesho ya ushuru kwenye faili lake, neno halimwambii kwamba anadai. Linamwelekeza kudhani kwamba anadaiwa, na anayedhani anadaiwa hatarajiwi kurudi dirishani kwa haraka.

Visawe havisaidii sana. Rudisha lina mnyambuliko ulio wazi kama wa rejesha, lakini nomino yake ya kawaida, marudio, imekwisha kuchukuliwa na maana ya kufanya jambo tena. Fidia hubeba maana ya kulipa madhara, ilhali ushuru uliozidi si madhara. Ni fedha za mtu zilizoko mahali pasipo pake. Msamaha ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa msamaha wa kodi ni kuondolewa wajibu uliokuwapo. Aliyelipa zaidi hasamehewi kitu, kwa maana kile kilichozidi hakikuwa wajibu wake tangu mwanzo. Zaidi ya hayo, neno marejesho hutumika kwa njia ya kifungu cha 144 na ya kifungu cha 138 bila tofauti, na hivyo aliyelipa kwa kukosea na muuzaji wa nje aliyelipa kwa usahihi hutajwa kwa jina moja.

5.0 Kosa na kukosea

Sheria inazungumzia ushuru uliolipwa kwa kukosea. Ni muhimu kuona kwamba haisemi nani amekosea. Huenda ni mwagizaji, wakala wake, ofisa, au mtambo wa kompyuta. Haki ya kurejeshewa haitegemei jibu la swali hilo.

Kwa Kiswahili, kauli ya kawaida ni ushuru uliolipwa kwa makosa. Nomino kosa ina mawanda mapana. Hutaja kutopatia, kama katika kosa la hesabu au kosa la tahajia. Na hutaja uvunjaji wa sheria, kama katika kosa la jinai. Katika mazingira ya ofisi ya serikali, maana ya pili ndiyo inayotangulia masikioni. Sheria hiyohiyo ya forodha ina sehemu nzima ya makosa na adhabu: kutoa tamko la uongo, kughushi ankara, kupitisha magendo. Mwagizaji anayetakiwa kuandika barua akieleza kosa lililofanyika katika tamko lake anajikuta kwenye kizingiti kigumu. Anahisi anatakiwa kukiri. Hofu hiyo haina msingi katika kifungu cha 144, lakini ina msingi katika semantiki ya neno alilopewa.

Muundo wa sentensi unazidisha tatizo. Katika kirai ushuru uliolipwa kwa makosa, mtenda hajatajwa. Msikilizaji hujaza pengo kwa mshiriki anayehusika na kitenzi kilicho karibu. Kitenzi ni kulipa, na aliyelipa ni mwagizaji. Basi makosa ni yake. Ofisa aliyeliweka fungu mahali pasipostahili haonekani popote katika sentensi hiyo.

Kiswahili kina njia ya kutoka hapa. Kitenzi kukosea ni chepesi kuliko nomino kosa, na hakina harufu ya jinai. Kipo pia kitenzi kustahili, ambacho hakihitaji mkosaji yeyote: ushuru uliolipwa kupita unaostahili. Kauli hii inataja viwango viwili, kilicholipwa na kinachostahili, na kuacha tofauti ijieleze yenyewe. Kosa lingebaki kwa maana yake ya sheria, yaani tendo linalostahili adhabu.

6.0 Dai na ombi

Neno la tatu ni ombi. Barua nyingi za aina hii huandikwa chini ya kichwa cha YAH: MAOMBI YA KUREJESHEWA USHURU, na mwandishi wake huitwa mwombaji. Hilo linatokana na adabu ya Kiswahili, ambayo humtaka mtu ashuke anapozungumza na mamlaka. Adabu hiyo haipaswi kubezwa. Hata hivyo, maana za maneno haya mawili ni tofauti kabisa. Anayeomba anatambua kwamba anayeombwa ana hiari ya kutoa au kunyima. Anayedai anasema kwamba kitu ni chake tayari. Kiswahili kina jozi safi ya mdai na mdaiwa, ambayo inaonyesha uhusiano huo bila kumvunjia mtu heshima. Pale ushuru ulipozidi, mwagizaji ni mdai na mamlaka ni mdaiwa.

Sheria ya Kiingereza yenyewe inatofautisha. Katika kifungu cha 144 mtu anadai. Katika kifungu cha 229 anaomba uamuzi upitiwe upya. Tofauti hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Dai lina miezi 12 na huhusu fedha. Maombi ya mapitio yana siku 30 na huhusu uamuzi. Kiswahili kinapoziita zote mbili maombi, kinafuta alama pekee ambayo ingemwonya mtu kwamba yuko katika njia gani.

Madhara yake yanaweza kuonekana kwa kuurudia ule mfano wa kubuni. Tuseme ofisa ndiye aliyekataa fungu la asilimia 10, na mfanyabiashara amelipa asilimia 25 ili mzigo usiendelee kutozwa gharama za bandarini. Ameambiwa kwamba maombi yana muda wa mwaka mmoja. Anakusanya nyaraka kwa utulivu, na mwezi wa tatu anapeleka barua. Anajibiwa kwamba suala lake si la malipo yaliyokosewa bali ni la uamuzi wa ofisa, na kwamba siku 30 zimepita. Aliyemwelekeza hakusema uongo. Alitumia neno moja kwa mambo mawili. Sheria inaruhusu Kamishna kupokea maombi yaliyochelewa kwa sababu za msingi, kama vile ugonjwa au kuwa nje ya nchi, lakini sasa mfanyabiashara amekuwa mwombaji kweli. Busara kwa yeyote aliyepata uamuzi asiokubaliana nao ni kupeleka maombi ya mapitio ndani ya siku 30 bila kungoja. Lakini busara hiyo inawezekana tu pale lugha inapoonyesha kwamba njia ni mbili.

7.0 Kiswahili kimoja, matumizi mbalimbali

Tatizo linapanuka linapovuka mipaka. Tanzania, kodi ni jina la jumla, na ushuru hutumika zaidi kwa tozo za bidhaa, masoko na forodha. Kenya, ushuru ndilo jina la jumla, hata kwa makato ya mshahara, na kodi kwa wengi ni ile anayolipwa mwenye nyumba. Kwa hiyo, marejesho ya ushuru mjini Mombasa yanaweza kueleweka kuwa ni ya mapato ya mtu binafsi, na marejesho ya kodi mjini Tanga yakaeleweka kuwa hayahusu forodha.

Tangu mwaka 2014 nchi wanachama zimekuwa zikitekeleza himaya moja ya forodha. Bidhaa za Kigali au Kampala zinazopitia Mombasa au Dar es Salaam hutolewa tamko na kulipiwa ushuru nchini zinakokwenda, ilhali mzigo wenyewe uko bandarini. Mwagizaji, wakala wake na mchukuzi wanaweza kuwa watu wa nchi tatu, na lugha inayowaunganisha kwenye simu mara nyingi ni Kiswahili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Nchini Kongo Kiswahili ni lugha ya mamilioni upande wa mashariki, lakini lugha ya ofisi ni Kifaransa. Viongozi wa Jumuiya waliridhia mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Uamuzi huo utapimwa kwa hotuba za sherehe, lakini utapimwa zaidi kwa fomu za forodha.

8.0 Mapendekezo

Hoja mbili zinaweza kutolewa kuupinga uchambuzi huu. Ya kwanza ni kwamba maandishi ya sheria ya Jumuiya ni ya Kiingereza, na hakuna baraza litakalomnyima mtu haki kwa sababu ya neno la Kiswahili. Hiyo ni kweli. Lakini baraza husikiliza waliolifikia, na suala hapa ni wale ambao hawakufika. Ya pili ni kwamba marejesho limekwisha kuzoeleka kwa wahasibu, na istilahi iliyozoeleka haifai kung'olewa. Hiyo nayo ina ukweli. Kinachopendekezwa si kuling'oa neno hilo, bali kutoliacha peke yake mbele ya mwananchi.

Mapendekezo ni manne. Kwanza, katika fomu na matangazo, dhana hii itajwe kwa kitenzi chenye washiriki wake: kurejeshewa ushuru, si marejesho. Pili, neno kosa liachiwe uvunjaji wa sheria, na hali ya kifungu cha 144 ielezwe kwa kulipa kupita unaostahili. Tatu, dai litumike kwa fedha zilizozidi na maombi ya mapitio kwa uamuzi unaopingwa, kila moja na muda wake kando yake. Nne, mwanzo wa kuhesabu muda utajwe kwa kitenzi kilicho wazi. Kauli tangu kulipwa haifai, kwa kuwa yaweza kumaanisha kulipwa kwa ushuru au kulipwa kwa mdai.

Tangazo la namna hii lingetosha kuwekwa ukutani:

"Ukiwa umelipa ushuru wa forodha kupita unaostahili, una haki ya kurejeshewa kiasi kilichozidi. Peleka dai lako kabla ya kupita miezi 12 tangu siku ulipolipa ushuru. Ukiwa hukubaliani na uamuzi wa ofisa kuhusu fungu au thamani ya bidhaa zako, peleka kwa Kamishna maombi ya mapitio ndani ya siku 30 tangu siku ya uamuzi."

Hakuna neno geni katika tangazo hilo wala istilahi iliyobuniwa. Kazi yote imefanywa na mnyambuliko wa vitenzi ambao mtoto wa Kiswahili huujua kabla ya kwenda shule.

9.0 Hitimisho

Uundaji wa istilahi katika Kiswahili umejali sana kupata neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la Kiingereza. Mfano wa forodha unaonyesha mpaka wa njia hiyo. Kiingereza hupenda kuweka dhana za sheria katika nomino. Nguvu ya Kiswahili iko katika kitenzi, ambacho husema kwa umbo moja nani ametenda, ametendewa na nani, na kwa faida ya nani. Kila tunapohamisha haki ya mtu kutoka kwenye kitenzi hadi kwenye nomino, ni lazima kuuliza ni mshiriki gani ameachwa njiani. Katika marejesho, aliyeachwa ni mwenye fedha.

Waswahili husema, dawa ya deni ni kulipa. Methali hiyo hailengi maskini peke yake wala tajiri peke yake. Inamhusu yeyote anayeshikilia cha mwenzake. Lakini dawa haiwezi kutolewa mpaka ijulikane nani mgonjwa. Kazi ya lugha ya sheria, kabla ya kazi nyingine yoyote, ni kumtaja mdai kuwa mdai na mdaiwa kuwa mdaiwa.